Kilomita Thelathini na Tano: Historia ya Kupima Uzazi Nachingwea na Ruangwa

Mwishoni mwa miaka ya 1940 jina la Nachingwea, kusini mwa Tanganyika, lilikuwa likitajwa katika Bunge la Uingereza. Waingereza walikuwa wametoka vitani wakiwa na upungufu wa mafuta ya kula, wakaamua kufyeka mapori ya Kongwa, Urambo na Nachingwea ili walime karanga. Yakaja matrekta, ikaja reli kutoka pwani, wakaja mabwana wa kila fani. Mwaka 1951 mradi ulivunjwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa.

Kuna jambo jingine la miaka ileile ambalo bungeni London hakuna aliyelijali. Mwaka 1949 daktari mpasuaji Leader Stirling alihamia kwa Wabenediktini wa Mnero, ndani ya wilaya ya Nachingwea. Alikuwa amefika kusini mwa Tanganyika mwaka 1935, akafanya kazi Lulindi, upande wa Masasi, chini ya misheni ya Kianglikana ya UMCA. Baadaye akawa Mkatoliki, na Mnero ikawa hospitali yake hadi mwaka 1964. Reli imekwisha, karanga za Mwingereza zimekwisha, hospitali ya Mnero ipo.

Madaktari wa misheni wa kizazi cha Stirling waliwajua wajawazito wengi kwa mara ya kwanza wakiwa juu ya machela. Mama alianza uchungu nyumbani, siku ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, ndipo wanaume wakakata miti, wakafunga blanketi na kumbeba. Alipofika hospitali, kipimo alichohitaji kilikuwa kimoja tu, yaani kama mtoto bado anaishi, na kama hayupo tena, kama mama anaweza kuokolewa. Mimba haikufuatiliwa tangu mwanzo hadi mwisho. Kilichokuwepo ni upasuaji wa dakika za mwisho.

Isidhaniwe kwamba kabla ya hapo hakuna aliyempima mjamzito. Katika nchi ya Wamwera, na kwa majirani zao Wamakua, Wamakonde na Wayao, mimba ilikuwa mikononi mwa wanawake wazima. Binti aliyechezwa unyago alikuwa amekwisha kufundwa mengi. Wayao waliongeza litiwo, sherehe ya mimba ya kwanza, ambapo mjamzito alikalishwa na wanawake waliokwisha kuzaa wakampa miiko na mafunzo ya safari iliyo mbele yake. Mkunga alipima kwa kiganja. Alilipapasa tumbo akajua mtoto amekaa wapi, alimtazama mama usoni na miguuni akaona uvimbe. Alichokosa ni cha kufanya pale kiganja kilipomwambia kwamba mambo si shwari. Utawala wa Kiingereza ulilijua pengo hilo, lakini sehemu kubwa ya kazi ya uzazi vijijini uliiachia misheni. Upande huu wa kusini maana yake ilikuwa UMCA ya Masasi na Wabenediktini wa Ndanda, ambao walikuwa wameianzisha misheni yao mwaka 1906, wakati vita vya Maji Maji na njaa yake havijaisha.

Ratiba ya kliniki ambayo mama wa Ruponda au Mnacho alikuja kuikuta haikutungwa kwa ajili yake. Mwaka 1929 Wizara ya Afya ya Uingereza ilitoa maelekezo kwamba mjamzito aonwe wiki ya 16, kisha ya 24, kisha ya 28, halafu kila baada ya wiki mbili hadi wiki ya 36, na kuanzia hapo kila wiki hadi ajifungue. Ukihesabu, ni zaidi ya mara 10. Mama wa London angeweza kupanda basi. Hata hivyo ratiba hiyo ilienea duniani na kudumu miongo mingi, na ni wachache waliojiuliza kila hudhurio linagundua nini hasa.

Lindi, mkoa ambamo Nachingwea na Ruangwa zimo leo, ilikuwa bado sehemu ya Mkoa wa Mtwara hadi mwaka 1971. Baada ya Azimio la Arusha serikali ilianza kuzivuta fedha za afya kutoka hospitali kubwa za mijini kwenda kwenye zahanati na vituo vya afya, na vijiji vilipopangwa upya huduma zikapata pa kuelekezwa. Mwaka 1974 huduma za mama na mtoto zikaunganishwa kitaifa na kutolewa bure. Wasichana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa kwa mafunzo yasiyofika miaka miwili, wakarudi vijijini kupima wajawazito, kuchanja watoto na kufundisha lishe. Kwa bahati ambayo watu wa Mnero wana haki ya kujivunia, waziri wa afya kuanzia 1975 hadi 1980 alikuwa daktari wao wa zamani, Leader Stirling, aliyekuwa ameingia Bungeni tangu kabla ya uhuru. Dunia ilipokutana Alma-Ata mwaka 1978 kutangaza afya ya msingi kwa wote, Tanzania ilikuwa na waziri aliyeyaona machela kwa macho yake.

Kliniki ya miaka ile haikubadilika sana kwa muda mrefu, na aliyewahi kukaa kwenye benchi la zahanati atajua kinachoendelea. Mama anapanda kwenye mizani. Anafungwa mpira wa presha mkononi. Nesi anamvuta kope ya chini kuangalia wekundu wa damu, anabonyeza kifundo cha mguu kuona kama kidole kitaacha shimo. Kisha mama analala kitandani, tumbo linapimwa kimo, na nesi anatoa fetoskopu, kibomba chenye mdomo mpana kama tarumbeta ndogo. Mdomo unawekwa tumboni, sikio upande wa pili, halafu nesi anaachia mkono ili asisikie mtikisiko wa vidole vyake mwenyewe. Anatazama saa. Mapigo 120 hadi 160 kwa dakika, anaandika kwenye kadi. Nje, chini ya mwembe au kwenye boriti ya baraza, inaning'inia mizani ya watoto, na mtoto aliyevishwa suruali ya kupimia analia huku mama yake akicheka.

Tazama mpangilio wenyewe. Mama anapimwa akiwa na mimba, mtoto anapimwa akiwa na wiki kadhaa na chanjo zake. Katikati pana siku moja ya kujifungua na siku chache zinazoifuata. Kwa muda mrefu mama wa Nachingwea aliipitia sehemu hiyo nyumbani kwake, bila mizani wala presha, mara nyingi na mkunga wa jadi, mama mkwe au bibi. Na humo ndimo vifo vingi vya mama na vya mtoto mchanga vinamotokea. Kutokwa na damu kunaweza kuua kwa saa mbili. Kifafa cha mimba huweza kuanza hata baada ya kondo kutoka. Mtoto njiti hupoa na kufa usiku wa kwanza.

Miaka ya 1990 ilileta mambo mawili. Ruangwa ilipata hadhi ya wilaya, na serikali ikaanza kuchangisha matibabu mwaka 1993. Wajawazito na watoto wadogo walisamehewa kwa mujibu wa sera, lakini sera hainunui kitu dukani. Mama aliambiwa aje na glovu, pamba, wembe, uzi, mpira wa kutandika, beseni na khanga safi, na katika mwezi ambao korosho hazijauzwa vitu hivyo ni fedha. Walioshindwa kuvinunua waliona aibu kufika. Katika wilaya nyingi nchini vijiji navyo vilijitungia faini kwa anayezalia nyumbani, dawa ambayo kwa maoni yangu ilitibu takwimu kuliko mama.

Halafu wakaja watafiti. Mwaka 2004 Taasisi ya Afya Ifakara, wakishirikiana na chuo cha London cha tiba ya magonjwa ya nchi za joto, walianza kazi katika wilaya tano: Nachingwea, Ruangwa, Lindi Vijijini, Newala na Tandahimba. Shabaha yao ya kwanza ilikuwa malaria ya watoto wachanga. Dawa ilitolewa mtoto anapoletwa kwenye chanjo, mpango uliojulikana vijijini kwa jina la Mkinge. Wadodosaji walipita nyumba kwa nyumba na kompyuta ndogo za kiganjani, wakati huo watu wengi vijijini hawajashika hata simu. Swali moja likazaa jingine. Ukikaa na mama barazani ukamuuliza watoto wake wote aliowazaa, atakutajia pia wasiokuwepo.

Mwanazuoni mmoja wa Ifakara, Mwifadhi Mrisho, alikwenda na wenzake kuuliza akina mama wa kusini kwa nini wanahudhuria kliniki namna wanavyohudhuria. Karibu kila mjamzito alikuwa akifika walau mara moja, lakini wengi walichelewa hadi mwezi wa tano au wa sita. Sababu zao zina akili. Mimba changa haitangazwi, macho ya watu si mema. Anayeanza mapema ataitwa mara nyingi, na kila safari ni siku ya shamba iliyopotea. Kadi yenyewe ilikuwa na thamani ya kipekee, maana ukifika kujifungua huna kadi utagombezwa. Wapo basi waliohudhuria ili wapate kadi. Baada ya kujifungua walirudi zahanati kwa ajili ya chanjo ya mtoto. Kwamba mama mwenyewe naye ana cha kupimwa wiki ya kwanza, hilo wengi hawakuwahi kuambiwa.

Nyumbani mtoto alikuwa na utaratibu wake. Alioshwa mapema kwa kuwa utando mweupe wa mwilini ulionekana uchafu. Kitovu kilipakwa kitu ili kikauke haraka, na mama na mtoto walikaa ndani hadi kitovu kianguke. Kukaa ndani kuna hekima yake, kunamkinga mtoto na baridi na maradhi ya wageni. Tabu ni kwamba ndani humo humo mtoto anaweza kuwaka homa, akaacha kunyonya, na mguu wa kumtoa ukawa mzito.

Mwaka 2007 watafiti walirudi na sensa. Walifika kaya karibu 226,000 zenye watu zaidi ya 818,000 katika wilaya hizo tano. Kila palipotajwa mwanamke aliyefariki akiwa mjamzito au muda mfupi baada ya uzazi, wafiwa waliulizwa alianza kuumwa lini, alitokwa na nini, alipelekwa wapi, alifia wapi. Matokeo yalichapishwa kikamilifu mwaka 2015, Claudia Hanson akiwa mwandishi wa kwanza. Vifo vilivyohusiana na ujauzito vilikuwa 712 kwa kila vizazi hai 100,000. Kutokwa na damu kuliongoza.

Kisha wakachukua ramani. Kwa vifo vilivyotokana moja kwa moja na uzazi, kama damu, kifafa cha mimba na uchungu uliokwama, wanawake walioishi ndani ya kilomita 5 kutoka hospitali walikufa kwa kiwango cha 111 kwa kila vizazi hai 100,000. Walioishi zaidi ya kilomita 35, kiwango kilikuwa 422. Mtu anayeijua njia ya kwenda Kilimarondo wakati wa masika hahitaji kuelezwa kilomita 35 ni nini. Udongo mweusi unashika matairi, korongo lililokuwa kavu asubuhi linapita maji jioni, na pikipiki moja ya kijiji imekwenda mnadani. Msimu wa kulinda mashamba familia nyingine zinahamia kwenye vibanda vya shambani, mbali hata na barabara hiyo.

Ningekuwa mwandishi wa hotuba ningeishia hapo nikaomba lami. Lakini utafiti uleule ulikuwa na namba nyingine ambayo mimi naiona nzito zaidi. Ukijumlisha vifo vyote vilivyohusiana na ujauzito, wanawake walioishi ndani ya kilomita 5 walikufa kwa kiwango cha 664, na umbali haukuleta tofauti ya maana. Asilimia 72 ya wanawake hao walijifungulia hospitali, na asilimia 8 walizalishwa kwa upasuaji. Walifika. Maradhi mengine waliyokuwa nayo katika ujauzito hayakujali mtu anakaa wapi, na hospitali walizozifikia hazikuwa na kila kilichohitajika saa ya hatari.

Jaribio kubwa lililofuata liliwalenga watoto wachanga. Liliendeshwa na watafiti walewale pamoja na serikali, safari hii katika wilaya sita, Mtwara Vijijini ikiongezwa, na vijijini lilijulikana kwa jina la Mtunze Mtoto Mchanga. Kata 132 ziligawanywa kwa kura. Katika nusu hivi ya kata hizo wanawake wa kujitolea, waliochaguliwa na vijiji vyao, walifundishwa kuwatembelea wajawazito mara tatu kabla ya kujifungua na mara mbili katika siku za mwanzo baada ya hapo. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuingia katika kile chumba cha kusubiri kitovu.

Mhudumu huyo hakubeba mizani. Alikuwa na kadi yenye picha ya unyayo. Watafiti walikuwa wamepima miguu ya watoto waliozaliwa hospitali moja ya kusini na kulinganisha urefu wa unyayo na uzito, wakaona mguu mfupi ni dalili nzuri ya mtoto mdogo. Mhudumu aliuweka mguu wa kichanga juu ya picha. Mguu ukifika sentimita 8, vema. Ukiwa mfupi kidogo, mama alielekezwa kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, kumnyonyesha mara kwa mara, na mhudumu alirudi tena. Ukiwa chini ya sentimita 7, safari ya hospitali ilianza siku hiyo. Nadhani ni miongoni mwa vipimo vyenye adabu zaidi vilivyowahi kubuniwa kwa ajili ya kijiji. Mtoto havuliwi nguo zote, hatundikwi, hatolewi nje, wala bibi wa nyumba hana sababu ya kunung'unika.

Akina mama walisikia na wakafuata. Katika kata zilizotembelewa watoto wengi zaidi walinyonyeshwa maziwa ya mama pekee siku za mwanzo, na vitovu vingi zaidi viliachwa bila kupakwa kitu. Mwaka 2013 nyumba zikahesabiwa tena. Vifo vya watoto wachanga katika kata zilizotembelewa na zile ambazo hazikutembelewa vilikuwa takribani sawa, kama 30 kwa kila vizazi hai 1,000.

Wapo waliosema jaribio lilishindwa. Sikubaliani nao, ingawa sikatai namba. Kadi ya unyayo ilikuwa na kazi ya kumtambua mtoto aliye hatarini, na iliifanya. Mtoto asiyepumua anapozaliwa hasubiri ziara ya siku ya pili, na mtoto njiti aliyetambuliwa kijijini anahitaji kukuta huko anakopelekwa wodi yenye joto, oksijeni na nesi aliye macho. Ruangwa kwenyewe wahudumu wa zahanati na vituo walikuwa wakikutanishwa katika miaka hiyo kujadili jinsi ya kuboresha huduma ya kuzalisha. Huwezi kumtaka mkunga mmoja azalishe usiku kucha kwa tochi ya simu, kisha kulipokucha umlaumu kwamba hakupima presha baada ya kujifungua.

Taifa nalo lilikuwa na ratiba zake. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani katika Argentina, Cuba, Saudi Arabia na Thailand, uliotoka mwaka 2001, ulisababisha mahudhurio ya kliniki kupunguzwa hadi manne. Mwaka 2016 Shirika hilohilo likapandisha tena hadi manane, baada ya kuona kwamba mahudhurio machache yanaacha watoto wengi zaidi wakifia tumboni. Mpango wa afya ya msingi wa mwaka 2007, maarufu kama MMAM, uliahidi zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Utafiti wa kitaifa wa 2015–16 ulipohesabu, asilimia 98 ya wajawazito walikuwa wamefika kliniki walau mara moja, 51 walifika mara nne, 63 walijifungulia kituoni, na ni 34 tu kati ya kila akina mama 100 waliopimwa ndani ya siku mbili baada ya kujifungua. Lile pengo la siku za kwanza baada ya kujifungua, lililokuwemo tangu mpango wa mwaka 1974, lilikuwa bado lina ukubwa wake.

Mwaka 2022 utafiti wa aina hiyo ulitoa namba iliyowashangaza wengi. Vifo vya uzazi vilikuwa vimeshuka kitaifa kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, na wanaojifungulia kituoni wamefikia asilimia 81. Takwimu hizo za vifo hupatikana kwa kuwauliza watu habari za dada zao, na haziwezi kukwambia Nachingwea pekee ikoje. Lakini njia ya kumfikisha mama hospitali imebadilika bila shaka. Mfumo wa m-mama, uliojaribiwa kwanza Kanda ya Ziwa, ulizinduliwa kitaifa mwaka 2022. Zahanati au familia inapiga 115 bila malipo, na kama gari la wagonjwa halipo karibu anaitwa dereva wa kawaida aliyesajiliwa, analipwa kwa safari. Kilomita 35 zinabaki palepale, ila sasa zina dereva.

Akishafika, kuna damu. Kwa karne nzima mkunga aliikadiria kwa macho, kwa kuangalia khanga zilizolowa na beseni, na macho hukadiria kidogo kuliko kilichomwagika. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya jaribio la E-MOTIVE, lililofanyika katika hospitali za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Kila mama aliyejifungua kwa njia ya kawaida aliwekewa chini yake mfuko wa plastiki ulio wazi, wenye mistari ya kipimo. Mstari wa mililita 500 ukifikiwa, au kabla ya hapo dalili zikiwa mbaya, mkunga alianza mambo yote kwa pamoja: kukanda kizazi, dawa ya kukaza kizazi, dawa ya kuzuia damu, dripu, na kutafuta chanzo. Kutokwa na damu kwa hatari, pamoja na upasuaji na vifo vinavyotokana nako, kulipungua kwa asilimia 60.

Mfuko wenyewe ni wa plastiki, na si mgumu kutumia. Dawa zinazoufuata zinahitaji kuwepo kwenye kabati saa nane za usiku, nyingine zikiwa zimehifadhiwa katika baridi, na mkunga wa zamu anahitaji mwenzake mmoja wa kushika dripu.